Goma–Kinshasa: kilomita 1,560 ambazo hazijawahi kuwa na muda mmoja

Toka uwanja wa ndege wa Goma hadi uwanja wa N'djili, Kinshasa, kuna karibu kilomita 1,560 ukipima kwa mstari ulionyooka. Ndege ya jeti ya abiria huenda karibu kilomita 800 kwa saa. Ukigawa, unapata masaa mawili kasoro kidogo. Ukiongeza dakika za kupanda juu na za kushuka, unapata masaa mawili na robo, pengine mawili na nusu. Ndiyo hesabu ambayo kila mkaaji wa Goma aliyewahi kukata tiketi ya Kinshasa anaijua kichwani.

Lakini tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, hesabu hiyo haisaidii kitu. Vita vilifika uwanjani, ndege za abiria zikakoma, na mtu mwenye mgonjwa, mazishi au mtoto wa chuo kikuu kule Kinshasa akajikuta hana tena masaa mawili na robo, ila siku mbili, tatu au zaidi. Umbali haukuongezeka hata mita moja. Kilichobadilika ni muda.

Si mara ya kwanza. Historia ya safari kati ya mashariki na magharibi ya Kongo ni historia ya muda unaofupishwa na mitambo, kisha kurefushwa na vita, volkano na viwanja vinavyofungwa. Kwa familia nyingi zilizotawanywa na vita, watoto wakiwa upande huu na wazazi upande ule, historia hiyo si ya vitabuni. Ndiyo inayoamua kama ndugu wataonana.

Saa moja inayopotea njiani

Kabla ya kurudi nyuma, kuna jambo moja linalowachanganya wasafiri wengi. Kongo ina saa mbili. Mashariki iko mbele ya Kinshasa kwa saa nzima. Ndege ikitoka Kinshasa saa mbili za asubuhi, ikasafiri masaa mawili na robo, inafika Goma wakati saa za Goma zinaonyesha saa tano na robo. Ukitazama tiketi utadhani umesafiri masaa matatu na robo. Wakati wa kurudi ni kinyume: unatoka Goma saa mbili za asubuhi na unashuka N'djili saa tatu na robo, kana kwamba safari yote ilikuwa ya saa moja na robo.

Hakuna aliyekwenda mbio na hakuna aliyechelewa. Ni ukubwa wa nchi tu. Kongo ina zaidi ya kilomita mraba milioni mbili na laki tatu, na jua linachomoza Goma mapema kuliko Kinshasa. Nchi ya namna hii, isiyo na barabara moja nzuri inayoiunganisha toka mwisho hadi mwisho, inategemea ndege kuliko nchi nyingi za Afrika.

Siku 999, na wiki nyingi mtoni

Kabla ya ndege, umbali huu ulipimwa kwa miezi. Henry Morton Stanley na msafara wake, wengi wao wakiwa watu wa Zanzibar na wa pwani waliozungumza Kiswahili, walitoka upande wa Bahari ya Hindi mwezi wa kumi na moja 1874, wakafika Boma, karibu na Bahari ya Atlantiki, mwezi wa nane 1877. Ilikuwa safari ya siku 999. Wapagazi, wanawake na watoto wengi waliotoka naye hawakufika.

Baadaye meli za mvuke zilipunguza muda huo. Reli ya Matadi–Léopoldville ilimalizika 1898, na toka Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, meli zilipanda mto hadi Stanleyville, yaani Kisangani. Njia ya mto kati ya miji hiyo miwili ina zaidi ya kilomita 1,700, nayo ilichukua wiki, si siku. Na Kisangani si Kivu: mtu wa kuelekea Goma au Bukavu alikuwa bado ana msitu na milima mbele yake.

Ndege za kwanza zilitua majini

Wabelgiji walipotaka kufupisha njia hiyo, walifuata mto uleule. Tarehe 1 mwezi wa saba 1920 ilifunguliwa laini ya ndege iliyopewa jina la Mfalme Albert. Ilikuwa moja ya laini za kwanza za ndege kusini ya jangwa la Sahara. Ndege zake zilikuwa za majini, zikiruka juu ya maji na kutua juu ya maji, kwa sababu viwanja havikuwepo na mto ulikuwepo tayari. Rubani alifuata mto kama dereva anavyofuata barabara. Kipande cha kwanza kilianzia Kinshasa. Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa saba 1921, laini ilifika Stanleyville.

Haikudumu. Mwezi wa sita 1922 ilifungwa. Lakini wazo lilibaki: yule mwenye ndege anaweza kufanya kwa siku chache kile ambacho meli inafanya kwa wiki.

Kisha ikaja safari ambayo ilifundisha mengi kuhusu tofauti kati ya umbali na muda. Tarehe 12 mwezi wa pili 1925, rubani Mbelgiji Edmond Thieffry, pamoja na wenzake wawili, aliondoka Brussels kuelekea Léopoldville. Alifika tarehe 3 mwezi wa nne: siku 51. Lakini ukijumlisha masaa ambayo ndege yake ilikuwa hewani kweli, unapata karibu 75 tu, yaani siku tatu na masaa kidogo. Siku nyingine zote zilikwenda katika kungoja, kutengeneza na kuvumilia hali ya hewa.

Hesabu hiyo ya Thieffry ingefaa kukumbukwa na kila msafiri wa Kongo. Muda wa ndege kuwa hewani ni jambo moja. Muda wa safari ni jambo lingine kabisa. Thieffry mwenyewe alikufa mwezi wa nne 1929, ndege yake ilipoanguka karibu na Ziwa Tanganyika, wakati akichunguza namna ya kuanzisha safari za ndege ndani ya Kongo.

Sabena, kampuni ya Ubelgiji iliyoundwa 1923, iliendelea na kazi. Mwaka 1926 ilikuwa na laini iliyotoka Boma, ikapita Léopoldville, hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi, zaidi ya kilomita 2,200. Tarehe 23 mwezi wa pili 1935 ilianza safari za kawaida kati ya Brussels na Léopoldville, na ndege ya kwanza, iliyoitwa kwa jina la Edmond Thieffry, ilichukua siku tano na nusu. Toka siku 51 hadi siku tano na nusu katika miaka kumi.

Baada ya vita vya pili vya dunia zilikuja ndege za DC-3, zenye mwendo usiofika nusu ya ule wa jeti za leo. Kwa ndege hiyo, umbali kama wa Goma–Kinshasa unataka masaa matano na zaidi. Miaka ya 1950 ulijengwa uwanja wa N'djili, wenye pisti ndefu sana ya mita 4,700, na uwanja wa zamani wa N'dolo, katikati ya mji, ukabaki na ndege ndogo. Wakati uhuru unakaribia, Kongo ilikuwa na mtandao wa viwanja uliofika kila pembe ya nchi. Lakini tiketi nyingi zilikuwa mikononi mwa Wazungu, na Mkongomani wa kawaida aliendelea kupanda meli, lori au miguu yake.

1960: anayeshika uwanja anashika nchi

Uhuru ulikuja tarehe 30 mwezi wa sita 1960, na ndani ya siku chache Wakongomani walijifunza kwamba uwanja wa ndege ni zaidi ya mahali pa kupandia.

Tarehe 11 mwezi wa saba, Katanga ilijitangaza kuwa nchi ya pekee. Kesho yake, Raisi Joseph Kasa-Vubu na waziri mkuu Patrice Lumumba walipanda ndege kuelekea Elisabethville. Walinyimwa ruhusa ya kutua. Raisi wa nchi na waziri wake mkuu walikuwa juu ya mji wa nchi yao wenyewe, na chini yao kulikuwa na pisti, lakini hawakuweza kushuka. Ndege ikageuka.

Mwezi wa tisa, baada ya Kasa-Vubu na Lumumba kufukuzana madarakani, Umoja wa Mataifa ulifunga viwanja vya ndege kwa kila mtu isipokuwa ndege zake, na kufunga redio ya Léopoldville. Ilisemwa kwamba ni kwa ajili ya amani. Lakini aliyeumia zaidi ni Lumumba, ambaye wafuasi wake wengi na askari wake walikuwa Stanleyville, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka mji mkuu, na hawakuweza tena kuletwa kwa ndege.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja, Lumumba alitoroka Léopoldville akitaka kufika Stanleyville. Alikwenda kwa gari, kwa barabara za udongo, wakati wa mvua, akivuka mito kwa vivuko. Alikamatwa siku chache baadaye karibu na mto Sankuru. Kwa ndege, safari ile ingekuwa ya masaa machache. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, waliomshika ndio walimpandisha ndege, wakampeleka Elisabethville, na usiku uleule aliuawa. Kwake yeye, ndege haikuwepo wakati wa kuokoka, ilipatikana wakati wa kufa.

Miaka ya Air Congo na Air Zaïre

Mwaka 1961 liliundwa shirika la taifa, Air Congo, ambalo mwaka 1971 likawa Air Zaïre. Kwa miaka kadhaa lilikuwa na jeti kubwa, na safari ya Kivu–Kinshasa ikawa ya masaa mawili na nusu kama tunavyoijua. Wazee wa Goma na Bukavu bado wanakumbuka jina la utani ambalo watu waliliita shirika hilo kwa Kifaransa, Air Peut-être, yaani shirika la "labda". Labda ndege itakuja leo, labda kesho, labda Raisi ameichukua kwa safari yake.

Wakati uleule Raisi Mobutu alijijengea kijijini kwao Gbadolite uwanja ambao hata Concorde, ndege iliyokwenda kasi kuliko sauti, iliweza kutua. Barabara za nchi ziliendelea kuliwa na mvua. Mwaka 1995 Air Zaïre ilifilisika. Kampuni za watu binafsi zilichukua nafasi, nyingi zikitumia ndege kuukuu zilizoachwa na nchi nyingine.

Miezi sita kwa miguu

Mwezi wa saba 1994, uwanja wa Goma ulijulikana duniani kote. Katika siku chache, wakimbizi zaidi ya 800,000 walivuka kutoka Rwanda. Kipindupindu na kuhara damu viliua karibu watu 50,000 katika wiki za kwanza. Ndege kubwa za mizigo zilitua usiku na mchana zikileta maji, dawa na chakula. Bila pisti ile, idadi ya waliokufa ingekuwa kubwa zaidi. Tangu hapo Goma ikawa mlango wa misaada ya Kivu nzima.

Miaka miwili baadaye vita vilianza ndani ya Kongo. Goma iliangukia mikononi mwa AFDL ya Laurent-Désiré Kabila mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja 1996. Kinshasa iliangukia mikononi mwake tarehe 17 mwezi wa tano 1997. Askari wengi wa AFDL, wakiwemo watoto walioitwa kadogo, walifanya sehemu kubwa ya njia kwa miguu, kupitia msituni. Umbali ambao jeti inaumaliza kwa masaa mawili na robo, wao waliumaliza kwa miezi sita na nusu. Na mbele yao walikimbia wakimbizi wa Rwanda na wakaaji wa vijiji, ambao wengi wao walibaki njiani na hawana makaburi yanayojulikana.

Vita vya pili vilianza tarehe 2 mwezi wa nane 1998, na safari hii ndege ndiyo iliyotumiwa kufupisha njia. Siku mbili baadaye, ndege za abiria zilizotekwa Goma zilibeba askari wakiongozwa na James Kabarebe hadi kambi ya Kitona, karibu na bahari, umbali wa kilomita karibu 1,900. Lengo lilikuwa kuishika Kinshasa kutoka nyuma. Walishika bwawa la Inga na kukata umeme wa mji mkuu, na mwisho wa mwezi vita vilifika mitaa ya karibu na uwanja wa N'djili. Majeshi ya Angola na Zimbabwe yaliingia kuisaidia Kinshasa, na jaribio lile likashindwa.

Nchi ikakatika vipande. Kwa karibu miaka mitano Goma ilikuwa makao ya waasi wa RCD, na hapakuwa tena na safari za kawaida za moja kwa moja kati yake na mji mkuu. Mfanyabiashara, mwanafunzi au mama aliyetaka kuona mtoto wake Kinshasa alilazimika kupitia nchi jirani, au kutafuta nafasi isiyopatikana kirahisi katika ndege ya Umoja wa Mataifa. Familia nyingi hazikuonana hadi serikali ya mpito ya 2003 ilipounganisha nchi tena.

Nyiragongo inakata pisti

Wakati nchi bado imegawanyika, tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, volkano ya Nyiragongo ilipasuka. Lava ilipita katikati ya Goma hadi ziwani, ikaunguza soko na nyumba, na kuwaacha zaidi ya watu 100,000 bila makao. Ilipita pia juu ya uwanja wa ndege na kufunika upande wa kaskazini wa pisti, karibu theluthi moja ya urefu wake. Toka karibu kilomita tatu zilibaki kilomita mbili.

Hapo ndipo inafaa kueleza kwa nini urefu wa pisti ni jambo la uhai. Goma iko juu, mita 1,550 hivi kutoka usawa wa bahari. N'djili iko karibu mita 300 tu. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi, mabawa yanashika hewa kidogo na injini zinapata nguvu kidogo. Kwa hiyo ndege yenye mzigo uleule inahitaji kukimbia mbali zaidi chini kabla ya kuinuka Goma kuliko Kinshasa. Ukikata pisti, lazima ama upunguze abiria na mafuta, ama utumie ndege ndogo, ama usimame Kisangani njiani kuongeza mafuta. Kila moja ya hizo inaongeza muda au bei.

Au inaongeza hatari. Tarehe 15 mwezi wa nne 2008, DC-9 ya kampuni ya Hewa Bora ilishindwa kuinuka, ikatoka mwisho wa pisti na kuingia Birere, moja ya mitaa yenye watu wengi zaidi ya Goma. Watu karibu 40 walikufa, wengi wao si abiria bali wachuuzi na wakaaji waliokuwa katika shughuli zao. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 2019, ndege ndogo iliyokuwa inakwenda Beni ilianguka mtaa wa Mapendo muda mfupi baada ya kuruka. Waliokuwa ndani wote walikufa, pamoja na watu wa mtaa.

Upande wa pili wa njia haukuwa salama zaidi. Tarehe 8 mwezi wa kwanza 1996, Antonov iliyokuwa na mzigo ilishindwa kuruka N'dolo na kuingia sokoni Simbazikita, Kinshasa. Zaidi ya watu 200 walikufa. Tarehe 4 mwezi wa nne 2011, ndege ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Kisangani iliangukia N'djili katika dhoruba. Kati ya watu 33, mmoja tu alipona. Miezi mitatu baadaye, jeti iliyotoka Kinshasa ilianguka ikitua Kisangani, na zaidi ya watu 70 wakapoteza maisha. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya unakataza kampuni za ndege za Kongo kuruka katika anga lake.

Hata hivyo watu waliendelea kupanda, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Kampuni mpya zilikuja, Congo Airways ikianza safari zake mwaka 2015. Lava iliondolewa kidogo kidogo, na pisti ya Goma ikafanyiwa kazi tena. Nyiragongo ilipopasuka tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021, lava ilisimama karibu na uwanja bila kuuingia. Watu wa Goma walishukuru Mungu.

Kwenda mashariki ili ufike magharibi

Uwanja ulishafungwa kwa vita kabla ya leo. Mwezi wa kumi na moja 2012, M23 ilishika Goma kwa siku kumi na moja. Ilipoondoka, ndege zilirudi. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 mambo yalikuwa mazito zaidi. M23, ikisaidiwa na jeshi la Rwanda kwa mjibu wa wataalamu wa Umoja wa Mataifa, iliingia Goma, na uwanja ukawa sehemu ya mapigano. Katikati ya mwezi wa pili, uwanja wa Kavumu, unaohudumia Bukavu, nao uliangukia mikononi mwake. Kivu zote mbili zikapoteza milango yao mikubwa ya anga ndani ya wiki tatu. Kambi za wakimbizi wa vita kandokando ya Goma zilivunjwa, na mamia ya maelfu ya watu wakaondoka tena, safari hii bila kujua waende wapi.

Tuhesabu sasa njia ya yule anayelazimika kufika Kinshasa. Anavuka mpaka Gisenyi, anapanda gari hadi Kigali, kilomita 160 hivi. Toka Kigali anapanda ndege hadi Nairobi, karibu kilomita 760. Toka Nairobi hadi Kinshasa ni kilomita 2,400. Jumla ni zaidi ya kilomita 3,300, mara mbili ya umbali wa kweli. Akipitia Addis Ababa, anakaribia kilomita 4,700, mara tatu. Kinshasa iko magharibi. Yeye anaanza kwa kuelekea mashariki. Ukiongeza kungoja mpakani, kulala njiani na kungoja ndege ya pili, ni siku nzima kwa mwenye bahati, na siku mbili kwa wengine.

Njia ya pili ni ya ndani: kupanda kaskazini kwa barabara hadi Beni, kilomita karibu 350, kisha kutafuta ndege huko. Ni kupita toka eneo la waasi hadi eneo la serikali, vizuizi njiani, na barabara ambazo wakaaji wake wanajua zinavyomeza watu.

Lakini tofauti kubwa zaidi haiko katika kilomita. Iko katika karatasi. Kwa safari ya ndani ya nchi, Mkongomani alihitaji tiketi na kadi ya uchaguzi. Kwa kupitia nchi nyingine, ingawa anatoka Kongo na kuingia Kongo, anahitaji pasipoti. Familia iliyokimbia Masisi au Rutshuru na kupoteza kila kitu, mara nyingine hata kadi ya uchaguzi imebaki chini ya majivu ya nyumba. Pasipoti haijawahi kuiona. Kwa familia hiyo, Kinshasa haiko mbali kwa masaa mawili, wala kwa siku mbili. Haifikiki.

Na kuna wale wasiotaka kwenda popote, bali wanangoja kitu kije. Dawa, damu, maziwa ya watoto wenye utapiamlo, madaktari wa upasuaji: vitu hivyo vilikuwa vikitua Goma na kusambazwa Masisi, Walikale, Rutshuru na Lubero. Tangu kufungwa kwa uwanja, mashirika yanapitisha mizigo kwa barabara kutoka nchi jirani. Mgonjwa aliyekuwa anangoja masaa, sasa anangoja siku. Tarehe 30 mwezi wa kumi 2025, katika mkutano wa Paris, Raisi wa Ufaransa Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma ungefunguliwa kwa ndege za misaada. M23 ilijibu kwamba haikushirikishwa katika uamuzi huo. Tangazo peke yake halitoshi kurusha ndege.

Kinachotakiwa ili saa irudi mahali pake

Historia inaonyesha kwamba pisti ya Goma imewahi kufungwa na moto wa volkano na ikafunguliwa kwa koleo na mashine. Imewahi kufungwa na vita na ikafunguliwa kwa makubaliano. Kuondoa lava kulichukua miaka. Kuunganisha nchi baada ya 1998 kulichukua karibu mitano. Ndege haitui kwa sababu pisti ipo tu. Inahitaji mnara unaozungumza na rubani, wazima moto walio tayari, anga linaloruhusiwa na Kinshasa, uwanja usiozungukwa na silaha zilizotegwa ardhini, na bima ambayo hakuna kampuni itakayoitoa mahali ambapo mizinga bado inasikika. Kila kimoja kati ya hivyo kinahitaji watu wawili wasiopatana wakubaliane.

Ndiyo maana mazungumzo yanapofanyika, iwe Doha, Washington au Paris, watu wa Goma, wa Minova, wa Sake na wa Kitshanga wanauliza swali dogo kabla ya maswali makubwa ya madaraka na majeshi. Wanauliza uwanja utafunguliwa lini. Si kwa sababu wote wana pesa ya tiketi; wengi hawakuwahi kupanda ndege maishani. Wanauliza kwa sababu wameona, toka 1960 hadi leo, kwamba siku ndege inaporuka toka Goma na kufika N'djili bila kupita nchi nyingine, ndiyo siku ambayo barua inafika, dawa inafika, mtoto anarudi, na Kongo inakuwa tena nchi moja ya kilomita 1,560 na masaa mawili na robo.